Madogo wa Impreza, punguzeni ugumu

Jumanne jioni nilikuwa kibandani Sakina, Arusha, nikisubiri chipsi mayai, ikaja Subaru Impreza ya buluu ikasimama mbele ya tuta. Ikageuka upande, ikaanza kupanda kwa mshazari kama kaa, tairi moja moja, bodaboda nyuma wanapiga honi. Tairi la tatu likapita, bampa likabaki. Dogo akashuka, akaliokota, akalilaza siti ya nyuma na kulifunga mkanda. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Halafu nikanyamaza, maana mwaka 2014 huyo kaa nilikuwa mimi.

Kesho yake akanifuata gereji. "Shikamoo fundi. Naomba uniongezee ugumu wa springi, Jumapili kuna mbio."

Marahaba. Ugumu gani tena, mwanangu, na wewe ukiongea meno yanagongana?

Nimechoka kumweleza mmoja mmoja, kwa hiyo nawaandikia wote. Nawasema nyie wenye gari moja tu: Jumapili linakimbia mbio za autokrosi kwenye vumbi, Jumatatu linapeleka mtoto shule Njiro. Mwenye gari la kubebwa kwenye trela aendelee na shughuli zake.

1. Kushusha. Mnashusha mpaka kidole hakipiti kati ya tairi na fenda, mnasema uzito umekuja chini. Kweli umekuja chini. Sasa lala kwenye kadibodi uangalie ule mkono wa chini unaoshika boljointi, kile kiungo cha tairini. Gari likiwa kwenye kimo chake, mkono unateremka kidogo kuelekea tairini. Ukilishusha sana, mkono unapanda kuelekea tairini, na kwa mguu wa mbele wa Impreza hapo ndipo mambo yanapoharibika: ile sehemu ambayo bodi inaizungukia ikilala kwenye kona inashuka zaidi kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka. Gari limekuwa fupi na linalala zaidi. Mkishaona linalala mnakimbilia springi ngumu, mnatibu ugonjwa mliojiletea wenyewe. Sentimita 2 au 3 zinatosha kabisa. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 na Impreza, na gari lile halikuwa limelala chini kama mkeka.

2. Ugumu. Hapa tupige hesabu kidogo, simu mnazo. Springi ya kilo 10 kwa milimita maana yake ni kwamba kilo 10 zinaibonyeza milimita 1. Pembe moja ya mbele ya Impreza inabeba kilo 350 hivi. Kwa hiyo gari likisimama tu, springi imebonyea milimita 35, na hizo ndizo zote tairi lililonazo za kushukia shimo. Bonde likiwa na sentimita 5, tairi linaning'inia hewani, na tairi lililoko hewani halikati kona wala halisimamishi gari. Weka springi ya kilo 5 kwenye gari hilohilo, unapata milimita 70 za kushuka. Ndiyo maana yule mzee mwenye gari la springi za kiwandani anawapita kwenye kona ya makorongo, nyie mnarudi kusema injini yake imechezewa. Haijachezewa. Matairi yake yako chini, ya kwenu yanaruka kichura.

Na dogo aliyekata bampstopu, ile raba inayozuia shokapu isigonge mwisho, kwa kisu ili "safari ya shokapu iongezeke", tutaonana.

3. Tou, yaani matairi ya mbele yanavyoelekeza pua ndani au nje. Hii nitaikalia, mnivumilie.

Mwaka 2014 nilikuwa na Impreza yangu ya kwanza, GC8 nyeupe yenye mlango mmoja wa rangi nyingine. Koilova (springi na shokapu za kurekebisha kimo) za kilo 10, kemba (tairi kulalia kichwa ndani) digrii 2 na nusu, siti ya nyuma imetolewa. Ijumaa usiku kabla ya mbio nikafunga kamba za uvuvi kuzunguka gari zima, nikapima kwa rula ya shule, nikaweka tou ya kufungua nje, milimita 3 kila upande. Aliyewahi kuiendesha hiyo anaijua raha yake. Unagusa usukani, pua imeshaingia. Nikamaliza wa nne, nikatembea mtaani wiki nzima kama niliyetoka Naivasha na kombe la Safari Rally.

Nikajiambia Jumatatu nitarudisha. Jumatatu kulikuwa na gearbox ya Noah. Jumanne nayo mnaijua. Gari likaanza kuwinda barabarani, likiona mfereji wa matairi ya malori linaufuata lenyewe. Rafiki akauliza mbona usukani hautulii, nikamjibu kwa kiburi kwamba hizo ni hisia za mbio, hawezi kuelewa.

Wiki ya tatu mama akanipigia. Ana kliniki ya mgongo hospitali ya KCMC, Moshi, asubuhi, gari la mjomba limegoma, nimpeleke. Sikia vizuri: kliniki ya mgongo. Na mimi nikasema "sawa mama", na moyoni nilifurahi kwamba ataona gari lilivyokuwa zuri.

Nikamchukua Tengeru saa 12 asubuhi. Akaliangalia gari, akaniangalia. "Baba, hili limekaa au limesimama?" Akakunja kanga mara nne akaiweka kitini. Usa River alikuwa bado ananisimulia habari za harusi ya binamu. Maji ya Chai akaanza kutaja jina la Yesu kila tuta. Kikatiti akanyamaza kabisa, ameshika dashibodi kwa mikono miwili, na mimi kwa kuona aibu nikazungumzia hali ya hewa.

Boma Ng'ombe nikasimama nimnunulie maji. Kwa mazoea tu nikachuchumaa, nikapitisha kiganja kwenye tairi la mbele kushoto. Upande wa nje safi, kashata zote zipo, ungeliuza. Nikaingiza mkono upande wa ndani, kitu kikanichoma kidoleni. Nikatoa mkono una damu. Nikalala chini kuchungulia: ukingo wa ndani umekuwa laini kama kipara, na chini ya kipara nyaya zimechomoza zinang'aa. Kulia hivyohivyo. Nilikuwa nimetoka kumkimbiza mama yangu kwenye ile lami kwa kilomita 80 kwa saa juu ya nyaya.

Baadaye nilipiga hesabu. Milimita 3 kwenye rimu ya inchi 17 maana yake kila kilomita moja tairi linaburuzwa kiubavu karibu mita 7. Kwa wiki tatu nilikuwa nimetembea kama kilomita 900, yaani nimeyaburuza zaidi ya kilomita 6 kama mtu anayevuta ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani. Na kwa kemba ile, mzigo wote wa kuburuzwa uliangukia ukingo wa ndani, ambao mwenye gari aliyesimama pembeni hauoni.

Hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba nilifungua buti kuchukua tairi la akiba, na tairi la akiba lilikuwa nyumbani, uvunguni mwa kitanda, pamoja na jeki. Nilivitoa kupunguza uzito.

Mama akashuka taratibu, akakunjua kanga yake akajifunga, akasimamisha Coaster ya Moshi. Kondakta akamwinua kwa kumshika mkono. Kabla mlango haujafungwa akaniambia kwa upole, na upole ndio uliouma: "Ningejua, baba, ningepanda hii toka Tengeru. Ina siti ya mbele." Nikabaki pale mpaka mchana na gari linalokata kona vizuri kuliko yote Boma Ng'ombe.

Miaka imepita, nimebadilisha magari, na siku hizi namwendesha kwenye Mark X laini kama godoro. Bado hafungi mkanda kabla hajauliza: "Tairi la akiba lipo?"

Basi fanya hivi. Weka tou sifuri ya barabarani kwanza, piga mstari wa rangi ya kucha nyeupe juu ya nati na tairodi, ile fimbo inayogeuza tairi. Fungua ile ya mbio, piga mstari mwekundu. Kwangu tofauti ilikuwa zaidi kidogo ya nusu mzunguko kila upande. Wewe pima ya kwako uiandike kwenye daftari, si kwenye simu inayoisha chaji. Kurudisha ni dakika kumi, na unarudisha uwanjani, bado una vumbi puani, kabla hujala nyama choma. (Rangi ya kucha nunua yako. Ya mke wangu ilisababisha kikao.)

4. Shokapu. Hesabu kliki za kitufe chake kutoka kwenye laini kabisa, andika, Jumapili kaza chache, jioni rudisha.

5. Pedi za mbio hazishiki zikiwa baridi, na taa za Sanawari Jumatatu asubuhi hazikusubiri uzipashe moto. Kwa gari la kazi mbili nunua pedi za kati, na oili ya breki badilisha kila mwaka, maana DOT 4 mpya inachemka kwenye digrii 230 lakini ikishanyonya maji inaweza kushuka mpaka 155.

6. Bushi. Boliti za mikono kaza gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukikaza likiwa juu ya jeki, raba inakaa imejinyonga siku zote na itapasuka. Nimelisema hili mara ngapi jamani.

7. Stabiliza ya nyuma, ile nondo inayounganisha mguu wa kushoto na wa kulia. Hii ndiyo siri ya maskini na nashangaa hamuulizi. Impreza inagoma kuingiza pua. Ukitoa ya milimita 20 ukaweka ya 22 unaongeza ugumu wake kwa karibu asilimia 46, kwa sababu unene unazidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne, na kwenye tuta la matairi mawili kwa pamoja hausikii chochote, maana stabiliza inafanya kazi pale tu upande mmoja unapopishana na mwingine. Mgongo wa mama uko salama.

8. Upepo. Beba pampu.

Dogo wa buluu, gari lako nimelimaliza. Nimelipandisha sentimita 3, nimekuwekea springi za kilo 5 nilizokuwa nazo stoo, utanilipa ukipata. Ukilijaribu mara ya kwanza utasema limekuwa la babu. Nenda nalo Jumapili kwanza ndipo uje tugombane. Bampa lako liko nyuma ya gereji, lipitie haraka, kuna kuku ameanza kutagia.