Gari Linalobaki Ng'ambo: Likatie Bima ya Miezi Linapolala

Wenye nyumba ya pili nje ya nchi wakiniuliza kuhusu bima ya gari, huanza na bei. Mimi huwauliza kwanza: kwa mwaka, gari hilo linasimama miezi mingapi? La kwangu hulala gereji sehemu kubwa ya mwaka, na vipengele vya mkataba vilivyonipa kazi kuvielewa vilihusu kipindi hicho cha kulala kuliko safari zangu barabarani.

Bima ikatwe katika nchi ambako gari limesajiliwa na linakaa. Kadi ya Kijani iliyoanza Ulaya mwaka 1953, na Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, ni vyeti vya bima vya anayevuka mpaka na gari lake kisha akarudi nalo. Gari linalobaki huko mwaka hadi mwaka si mgeni tena. Anayeingiza gari lenye namba za nje katika Umoja wa Ulaya, kwa kawaida huruhusiwa kulitumia bila kulisajili miezi 6 tu ndani ya miezi 12.

Halafu kuna hoja ninayoisikia kila mara: gari limefungiwa uani, bima ya nini? Huko Ureno, mwaka 2006, mama mmoja aliyeacha kuendesha kwa sababu ya afya aliliacha gari lake uani bila bima. Mwanawe akalichukua bila ruhusa, likapata ajali, wakafa watu watatu, naye akiwa mmoja wao. Mfuko wa dhamana, unaofidia walioumizwa na magari yasiyo na bima, ukalipa kisha ukamdai mama huyo. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba gari lililosajiliwa na linaloweza kutembea lazima liwe na bima, hata kama mwenyewe ameliegesha kwenye kiwanja chake na hana nia ya kuliendesha. Kesi hii inaniuma, kwa sababu mama yule alifanya ambalo wengi wetu tungelifanya. Uingereza unaweza kutoa tamko rasmi kwamba gari halitumiki, likakaa bila bima, lakini ukishalitoa usiliache barabara ya umma hata limesimama tu.

Ukikata bima kubwa, soma sehemu ya wizi polepole. Tafuta gari linaruhusiwa kukaa siku ngapi bila mtu kulikagua, na kama sharti ni gereji yenye kufuli au kengele ya wizi inayofanya kazi. Hapo pana mtego: tukisafiri, wengi wetu tunachomoa betri isife. Betri ikichomolewa, kengele huweza kunyamaza, na sharti la mkataba limevunjika hata kabla hujapanda ndege. Muulize wakala jambo hilo kwa maandishi, naye akujibu kwa maandishi.

Mweleze wazi kwamba wewe si mkazi. Usimpe anwani ya nyumba ya pili kana kwamba ndiko unakoishi ili ada ipungue. Siku ya kudai fidia watachunguza unaishi wapi, na wanaweza kukataa kulipa. Taja pia kila atakayeshika usukani. Mlinzi wa nyumba anayelizungusha gari kidogo ili injini isikae baridi ni dereva kama dereva mwingine, basi jina lake liingie kwenye mkataba.

Jambo la mwisho ni barua. Notisi ya kuhuisha bima ikitumwa kwenye nyumba isiyo na mtu, mkataba unaweza kuisha wewe hupo. Omba kila kitu kije kwa barua pepe, na uulize kama wanataka akaunti ya benki ya huko kwa malipo ya moja kwa moja. Angalia vilevile tarehe ya ukaguzi wa gari. Ikiangukia wakati haupo, panga mtu wa kulipeleka, na mtu huyo naye awe anafunikwa na bima siku hiyo.