Usikimbilie kubonyeza Chirp

Wiki yangu ya kwanza kwenye Gravity Spy, tovuti ya kupanga picha za kelele zinazonaswa na mitambo inayosaka mawimbi ya mvutano, niliona mashimo meusi yakigongana kila baada ya picha tatu. Nilikuwa sebuleni Tanga, laptop mapajani, bando la usiku likikimbia, na kila nikiona mstari unaopanda kuelekea kulia nabonyeza Chirp, yaani wimbi la kweli. Mfumo ukanirudisha mara ya kwanza, ya pili, ya tano: hapana, hiyo ni kelele.

Vijana wawili watatu wameniuliza waanzeje, ndiyo maana naandika.

Marekani kuna mitambo miwili ya LIGO inayosaka mawimbi hayo, mmoja Hanford jimboni Washington, mwingine Livingston, Louisiana. Inatenganishwa na kama kilomita 3,000. Kila mtambo una mikono miwili ya kilomita 4, imekaa kama herufi L, na mwanga wa leza unakwenda na kurudi humo kati ya vioo vya kilo 40 vilivyoning'inizwa kwa nyuzi za kioo. Wimbi la mvutano, yaani mtikisiko wa nafasi yenyewe unaotoka kwenye migongano kama ile ya mashimo meusi, likipita, mkono mmoja hurefuka na mwingine hufupika kwa kiasi kidogo kuliko hata sehemu moja ya elfu ya upana wa protoni. Sasa mtambo wenye sikio la namna hiyo unasikia na mengine yote: treni, upepo, miti inayokatwa jirani. Hanford waliwahi kugundua kwamba kunguru walikuwa wakidonoa barafu iliyoganda kwenye bomba la nje, na kila donoo linaingia kwenye data. Mimi kunguru wa Tanga nawajua, sikushangaa.

Mikwaruzo hiyo wenyewe huiita glichi. Tangu 2016 Gravity Spy inaomba watu wa kawaida waitazame na kuipanga kwa sura zake, na kompyuta nayo inajifunza kutokana na majibu yetu. Hulipwi wala hulipi. Kiingereza cha sekondari kinatosha.

Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: wimbi liache kwanza, zijue kelele. Marehemu baba alikuwa fundi redio. Redio ikiletwa inavuma au inakwaruza, alikuwa anakaa nayo kimya kidogo kabla hajashika bisibisi, kisha anasema kapasita imekufa, au waya umelegea. Kila kelele ilikuwa na mwenyewe. Huku ni hivyo hivyo, ila badala ya sikio unatumia jicho.

Blip ni kitone chembamba kama tone la maji, kufumba na kufumbua kimekwisha. Whistle inachora V au W, na inatokana na mawimbi ya redio yanayoingiliana ndani ya mtambo. Ninayoipenda ni Scattered Light: matao, moja juu ya jingine, kama milango ya nyumba za kale. Ni mwanga wa leza uliopotea njia, ukagonga kitu kinachotikisika, ukarudi pasipotakiwa. Mara nyingi ardhi ndiyo inayotikisika, na anayeitikisa ni bahari iliyochafuka mbali huko. Mtu wa pwani nikikutana na matao mengi usiku mmoja, huwa nawaza kwanza hali ya bahari.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kujibu kwa picha moja. Tukio lile lile unaonyeshwa kwa vipande vinne: nusu sekunde, sekunde 1, 2 na 4. Pitia vyote. Mstari uliopanda vizuri kwenye nusu sekunde, ukiutazama kwenye sekunde 4 unakuta ni mguu mmoja tu wa W. Tena unaonyeshwa mtambo mmoja, wakati wimbi la kweli hubisha hodi kote. Lile la 14 Septemba 2015 lilifika Livingston, milisekunde 7 baadaye likawa Hanford. Blip haina adabu hiyo.

Ukiona kazi hii ni ya kufagia tu, kumbuka 17 Agosti 2017. Nyota mbili za nyutroni ziligongana, na kama sekunde moja kabla ya mgongano Livingston ikakwaruza vibaya. Mfumo wa kompyuta ukapokea ishara ya Hanford peke yake. Watu walipofungua picha ya Livingston wakaukuta mstari unapanda, umelaliwa na mkwaruzo. Walipouondoa mkwaruzo wakaweza kusema anga itafutwe upande gani, na darubini zikakuta mwanga kwenye galaksi ya NGC 4993, miaka-nuru kama milioni 130 kutoka hapa.

Mengine ni madogo. Jiandikishe jina, maana ngazi zinafunguka kadiri unavyopatia. Picha 20 kwa usiku zinatosha. Mimi nikizidisha naanza kubahatisha. Na None of the Above, yaani haimo kwenye makundi yaliyotajwa, usiione kama kushindwa. Helix na Paired Doves, yaani njiwa wawili, zilitambuliwa na wachangiaji kama sisi, waliokataa kulazimisha picha iingie kwenye kundi lisilo lake.

Siku hizi mwanangu wa darasa la tatu hukaa pembeni yangu. Kwa Koi Fish, glichi yenye sura ya samaki, ananishinda. "Baba, samaki huyo," anasema, mimi bado natafuta mapezi.