Bunduki nyepesi na shabaha yake: maswali na majibu

Swali: Bunduki yangu mpya ya kuwindia ina kilo 2.7 pamoja na darubini. Risasi mbili za kwanza hutoboa karibu tundu moja, ya tatu hupanda, ya nne na ya tano hutawanyika. Nimeuziwa mtutu mbovu?

Jibu: Sidhani. Mtutu mwembamba hushika joto upesi, na chuma kikishapata moto hutanuka na kujipinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni ila karatasi huonyesha. Piga mbili au tatu, toa risasi zote, acha bolti (komeo la chuma linalofunga risasi ndani) wazi, uiweke kivulini hadi mtutu upoe kabisa.

Ila kuna kipimo ninachokipenda zaidi. Chukua karatasi moja, piga risasi moja tu mtutu ukiwa baridi, uikunje uondoke nayo. Rudi siku nyingine, karatasi ileile, risasi moja tena. Baada ya safari tano utaona uwezo halisi wa bunduki yako na wako wewe, maana porini mnyama hukupa risasi ya kwanza, mara chache sana ya pili. Rekebisha darubini kwa kufuata matundu hayo.

Swali: Kwa bunduki yangu ya zamani, nzito, nilikuwa sikosi. Hii nyepesi inanishinda. Tatizo ni mimi?

Jibu: Kwa sehemu kubwa, ndiyo, na hilo linarekebishika. Bunduki nzito hutulia yenyewe. Nyepesi hufuata mapigo ya moyo, pumzi, hata kidole. Tena kwa risasi ileile, bunduki ya kilo 2.7 hupiga teke lenye nguvu zaidi kwa theluthi moja kuliko ya kilo 3.6, na huanza kurudi nyuma kabla risasi haijatoka mdomoni mwa mtutu. Ukiishika tofauti kila mara, risasi nazo zitatua tofauti kila mara.

Kwa hiyo shavu likae palepale, kitako kibane begani vilevile, na mkono wa mbele ushike mti wa bunduki, yaani mwili wa mbao au plastiki unaobeba mtutu, kwa uthabiti. Kwenye mfuko wa mchanga egemeza mti, kamwe si mtutu. Ukishafyatua, endelea kutazama ndani ya darubini.

Pima pia uzito wa kifyatulio, yaani nguvu ya kukivuta hadi bunduki ilie. Kikihitaji kilo 2 na zaidi kwenye bunduki ya kilo 2.7, unaisukuma nje ya shabaha kabla haijalia. Fundi wa bunduki akishushe hadi kati ya kilo 1.2 na 1.5. Chini ya hapo siafiki: vidole vyenye baridi havina hisia.

Halafu mwombe mwenzako akuwekee risasi bandia katikati ya zile halisi bila kukuambia. Itakapogoma kulia na mdomo wa mtutu ukashuka, utajua unaliogopa teke. Dawa yake ni kufyatua kavu, yaani bila risasi, nyumbani, chemba ikiwa imekaguliwa mara mbili na risasi zikiwa chumba kingine.

Swali: Shabaha imehama sentimita 10 kwa siku moja. Nibadilishe darubini?

Jibu: Skrubu kwanza! Teke kali hulegeza zile za vishikio vya darubini na zile zinazofunga mtutu na mti. Zikaze kwa spana ya kupima mkazo, kwa kiwango cha mtengenezaji. Kisha pitisha karatasi kati ya mtutu na mti. Ikikwama, mwone fundi kabla hujashika msasa, kwa sababu bunduki nyingine zimetengenezwa makusudi mti uuguse mtutu mbele.

Swali: Risasi ipi ni bora?

Jibu: Mtutu wako ndio huchagua. Nunua aina tatu au nne zenye vichwa vya uzito tofauti, uzijaribu zote.

Swali: Matundu yangu hukaa ndani ya sentimita 4 kwa mita 100. Yanatosha?

Jibu: Yanatosha. Mita 200 zitakuwa kama sentimita 8, na eneo la moyo na mapafu la mnyama wa wastani ni pana kuliko hapo. Lakini hayo ni ya mezani, bunduki ikiwa imeegemezwa. Jipime ukiwa umepiga goti, umesimama, unahema. Umbali ambao risasi moja kati ya tano inatoka nje ya sahani ya sentimita 15 ni mbali mno kwako. Sogea karibu, au mwache mnyama aende mzima.