Maswali ya Wasomaji: Walowezi Humkataa Mfalme Wao Lini?

SWALI: Binti yangu wa kidato cha tatu anasoma mapinduzi ya Marekani. Wale walikuwa Waingereza, lugha moja, dini moja. Kweli walimkataa mfalme wao kwa ajili ya chai? – Mzazi, Kisauni

JIBU: Chai inakumbukwa kwa kishindo chake tu: makasha 342 yaliyotoswa baharini Boston, Desemba 1773. Lakini sheria ya mwaka ule iliishusha bei ya chai! Ushuru wa peni 3 kwa ratili ndio uliobaki, na kampuni moja ya London ikaruhusiwa kuuza bila kupitia wafanyabiashara wa Marekani. Wenye maduka wakapokonywa riziki. Na kila aliyenunua ile chai rahisi alikuwa amekubali kutozwa na Bunge asilolipigia kura. Kodi walizoea kupangiwa na mabaraza yao wenyewe. La Virginia, mojawapo ya makoloni hayo, lilianza 1619.

Mbona basi walikaa kimya muda wote huo? Walimhitaji mfalme. Wafaransa walikuwa Kanada, mlangoni pao. Mwaka 1763 Wafaransa wakaikabidhi Kanada kwa Waingereza, hofu ikaisha. London, imeelemewa na madeni ya vita, ndipo ikaanza kudai: 1765 stempu za kodi kwenye magazeti, hati za mahakama, hata karata za kuchezea.

Kisha mpeleke binti Ngome ya Yesu, Mombasa, akaone kisa kama hicho. Wamazrui walikuwa Waarabu wa Oman, wakishika uliwali, yaani ugavana wa Mombasa, kwa niaba ya Imamu, mtawala wa Oman. Oman ilikuwa mbali: amri iliyoletwa na pepo za kaskazi ilingoja pepo za kusi ipate kujibiwa. Miaka ya 1740, ukoo wa Yaarubi ulipoanguka Oman na Ahmad bin Said akashika uimamu, liwali Muhammad bin Uthman alikataa kumtambua. Ahmad akatuma watu wakamuua. Ndugu wa liwali huyo, Ali, akatoroka, akaitwaa tena ngome, na Wamazrui wakaishika Mombasa hadi 1837. Mwenye ngome na mizinga yake haombi ruhusa.

SWALI: Na walowezi wa Kenya, hawakujaribu? – Msomaji, Changamwe

JIBU: Walijaribu nusunusu. Mwaka 1922 na 1923, wakihofia London itawapa Wahindi haki sawa ya kura, walipanga njama hata ya kumteka gavana. Haikufika mbali: walikuwa wachache mno, na usalama wao ulitegemea askari wa serikali ileile. Wenzao wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) walikuwa na serikali yao ya ndani tangu 1923, na jeshi lao. Wakajitangazia uhuru 11 Novemba 1965, shabaha ikiwa kuwazuia Waafrika wasishike madaraka.