Sabufa ya jirani ikikoroma unaporusha

Kaka, mama jirani akilalamika kuwa sabufa yake inakoroma kila ukirusha mawimbi kwa redio yako ya ridhaa, usimjibu kwamba leseni unayo. Mpigie hodi, umwombe mjaribu pamoja. Mwenzako wa klabu ya redio akae naye sebuleni, wewe urushe kwa wati 100, kisha ushuke hadi 10, asikie mwenyewe tofauti. Mara nyingi waya mrefu wa spika ndio unaonasa mawimbi. Uzungushe mara saba au nane kwenye pete ya feraiti (kauri yenye chuma inayozuia mawimbi hayo), karibu kabisa na sabufa. Pete nunua wewe. Na hiyo antena yako ya dipoli ya mawimbi ya mita 40, yaani waya wa urefu wa kama mita 20, isogeze mbali na nyumba yake. Nyaya za umeme usizikaribie kabisa.