Tabora hadi Kigoma ni kilometa ngapi?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nipo kidato cha pili hapa Tabora. Tulipewa zoezi la treni iliyokwenda Kigoma na kurudi, tutafute velositi ya wastani. Nilijumlisha kilometa zote nikagawa kwa saa zote, nikakosa. Jibu eti ni sifuri! Inakuwaje, na treni imetembea?

JIBU: Marahaba. Hesabu yako ni nzuri, ila ulichotafuta ni mwendokasi.

Reli ya Tabora hadi Kigoma ina urefu wa kama kilometa 410, maana inazunguka kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza. Huo ni umbali. Sasa chukua ramani, uvute uzi ulionyooka toka Tabora hadi Kigoma: utapata kama kilometa 350, kuelekea magharibi. Huo ni uhamisho, yaani umesogea kiasi gani kutoka ulipoanzia, na upande gani. Mwendokasi hugawa umbali kwa muda. Velositi hugawa uhamisho kwa muda. Treni ikitumia saa 10 kwenda, mwendokasi wake wa wastani ni kilometa 41 kwa saa, na velositi yake ni kilometa 35 kwa saa kuelekea magharibi. Ikirudi stesheni ya Tabora imesogea kilometa ngapi kutoka ilipoanzia? Hakuna. Ndiyo hiyo sifuri.

Na mwelekeo usiuache kwenye jibu. Velositi isiyo na mwelekeo haijakamilika.

SWALI: Naendesha baiskeli Ujiji. Kwenda kilometa 6 nakimbia 18 kwa saa, kurudi na mzigo 6 kwa saa. Wastani si 12?

JIBU: Hapana, ni 9. Kwenda unatumia dakika 20, kurudi dakika 60. Kilometa 12 kwa dakika 80. Mwendo wa polepole umekula muda mara tatu zaidi, kwa hiyo unavuta wastani kuelekea kwake. Kujumlisha kasi mbili na kugawa kwa mbili kunafaa pale tu muda wa kila kasi unapolingana. Kosa hili tunaliona hata kwa watu wazima.

SWALI: Sekunde ya mraba kwenye mchapuko ni kitu gani?

JIBU: Usiitafute sekunde yenye pembe nne. Mchapuko ni kiasi ambacho velositi inabadilika kwa kila sekunde, na kipimo chake ni mita kwa sekunde ya mraba. Isome hivi: mita kwa sekunde, kwa kila sekunde. Treni yenye kasi ya kilometa 54 kwa saa inafunga breki na kusimama baada ya sekunde 30. Kwanza badili vipimo: gawa 54 kwa 3.6, upate mita 15 kwa sekunde. Ukiruka hatua hii utachanganya saa na sekunde, na jibu litaharibika. Kisha 15 gawa kwa 30: kila sekunde inayopita, treni inapoteza kasi ya mita 0.5 kwa sekunde. Mchapuko ni hasi 0.5, kwa kuwa kasi inapungua. Kama inapungua sawasawa, wastani wake ni mita 7.5 kwa sekunde. Zidisha kwa 30. Tangu breki zishike hadi isimame, imekwenda mita 225, zaidi ya viwanja viwili vya mpira.