Goti la mama, Mam Tor, na shemeji anayeidharau Ben Nevis

SWALI

Habari za kazi. Tunaishi Leicester. Mwezi wa nane mama anakuja kututembelea kutoka Tanga. Ana miaka 68, na goti la kulia linamsumbua akikutana na ngazi. Mimi na mke wangu ni watembeaji wa kawaida, mtoto wetu ana miaka 9. Tunataka njia mbili tatu za siku moja moja ambazo hakuna atakayebaki kwenye gari. Halafu yupo shemeji yangu. Alishafika kilele cha Uhuru, anasema milima ya huku ni vichuguu, na mwishoni mwa Oktoba anataka kupanda Ben Nevis peke yake. Nimwambieje? La mwisho: kwenye ramani naona vistari vya kijani na vingine vyeusi, na vyote vinaonekana kuwa njia. Tofauti yake nini?

JIBU

Nianze na ramani, maana mengine yote yatakurudisha hapo.

Kwa kutembea, chukua ramani za Ordnance Survey zenye jalada la rangi ya chungwa, ziitwazo Explorer. Skeli yake ni 1:25,000, yaani sentimita 4 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Zile za jalada la waridi, Landranger, ni za 1:50,000. Zinafaa kukuonyesha eneo zima, ila hazichori kuta na nyua za mashamba. Ukiwa katikati ya mashamba, ukuta ndio unaokuambia umesimama wapi.

Vistari vya kijani kwenye Explorer vinaonyesha haki ya kisheria ya kupita. Vifupi ni vya waenda kwa miguu peke yao, virefu vinaruhusu pia farasi na baiskeli. Vistari vyeusi vinasema tu kwamba ardhini kuna njia inayoonekana, havikupi haki yoyote. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanadhani kijani maana yake ni njia. Kijani ni haki tu. Mstari wa kijani unaweza kukupitisha katikati ya ngano iliyosimama au kwenye tope la kufika magotini bila alama ya unyayo hata mmoja. Tafuta mahali kijani na cheusi vinapokwenda pamoja. Hapo pana haki na pana njia. Ukifika, mshale wa njano kwenye nguzo ni wa miguu, wa bluu ni wa farasi, baiskeli na miguu. Sehemu zilizopakwa rangi ya manjano hafifu ni ardhi huria, ambako unaweza kuacha njia na kutembea utakako, kwa sheria ya mwaka 2000 ya Uingereza na Wales. Ramani za Scotland hutaziona na vistari vile vya kijani. Hazijakosewa: sheria ya huko ya 2003 inaruhusu watu kutembea karibu kila mahali ilimradi wasiharibu.

Kisha tazama mistari ya kontua, ile ya rangi ya kahawia. Milimani kila mstari ni mita 10 za kupanda, na kila wa tano ni mnene. Weka rula juu ya njia yako. Sentimita 1 ni mita 250 ardhini. Ukihesabu mistari 10 ndani ya sentimita hiyo, unapanda mita 100 ndani ya mita 250. Hiyo kwa goti la mama ni ngazi, hata kama hakuna aliyejenga ngazi.

Muda unakadiriwa kwa kanuni ya Naismith ya mwaka 1892, ambayo bado haijapatiwa mbadala rahisi zaidi: dakika 12 kwa kila kilomita, kisha ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Kanuni hiyo ni ya mtu mzima mwenye afya asiyesimama kula wala kupiga picha. Mkiwa na mtoto, zidisha jibu kwa moja na nusu.

Sasa mama. Mpeleke Monsal Trail, kule Peak District. Ni reli ya zamani iliyofungwa mwaka 1968, na njia yake ina urefu wa karibu kilomita 13.7 kati ya Bakewell na Blackwell Mill. Kwa kuwa treni haikuwa na uwezo wa kupanda vilima vikali, njia nzima ni karibu tambarare na imesakafiwa vizuri hata kiti cha magurudumu kinapita. Ingieni pale Hassop Station, palipo na maegesho, choo na mgahawa, mwelekee magharibi. Baada ya kama kilomita 4 mtaingia handaki la Headstone na kutokea moja kwa moja juu ya daraja refu la reli, mto ukiwa chini yenu. Ndani ya mahandaki, yaliyofunguliwa kwa watembeaji mwaka 2011, kuna taa zinazowaka mchana na kuzimwa jioni, basi msichelewe. Ni baridi humo hata Agosti, na maji yanadondoka. Kanga mabegani haitoshi, achukue koti.

Kosa moja la hapo: kutoka darajani mtu anaona njia inayopanda kwenda Monsal Head, mahali ambapo picha zote za daraja hupigwa, na anamshawishi mama apande. Ni mwinuko mkali. Rudini Hassop mlikotoka, kisha mpandishe kwa gari. Monsal Head pana maegesho, atatazama daraja lote kutoka juu bila kuinua goti.

Kwa ninyi watatu, siku nyingine, naona hakuna njia bora karibu na Leicester kuliko mgongo wa Mam Tor. Uzuri wake ni kwamba unatoka stesheni moja na kurudi kwa nyingine. Shukeni treni Edale, pandeni hadi Hollins Cross, pindeni kulia hadi kilele cha Mam Tor, mita 517. Rudini Hollins Cross, endeleeni mashariki kupita Back Tor hadi Lose Hill, mita 476, kisha shukeni stesheni ya Hope. Treni ni ile ile ya kati ya Manchester na Sheffield. Jumla ni kama kilomita 11 na takriban mita 400 za kupanda. Kwa Naismith: dakika 132 na dakika 40, yaani karibu saa 3. Mara moja na nusu kwa ajili ya mtoto, saa 4 na dakika 20, bado hamjafungua chakula.

Nimewachagulia hii kwa sababu ya Hollins Cross, si kwa sababu ya kilele. Mkiwa hapo mara ya pili, mmeshatembea karibu nusu ya safari, na njia zinashuka pande zote mbili: kaskazini kurudi Edale, kusini kwenda Castleton. Mtoto akichoka au mvua ikikaza, mnaamua hapo. Baada ya hapo Back Tor ina kipande kifupi cha mwinuko chenye mawe na udongo unaoteleza, na mkishakipita, kurudi nyuma ni kazi kuliko kumalizia. Njia ikikosa mahali pa kutokea katikati, mimi huihesabu ni ngumu hata kama ni fupi.

Mama naye si lazima akae nyumbani siku hiyo. Anaweza kushinda Castleton, kijiji kilicho bondeni, chini ya barabara ya zamani iliyokuwa ikipita ubavuni mwa Mam Tor. Mlima ule unaporomoka polepole, na baada ya kukarabati wee, barabara ikafungwa moja kwa moja mwaka 1979. Lami bado ipo, imekatika na kukunjika tabaka juu ya tabaka.

Mkitaka kilele chenye jina, nendeni Wales, mlima Snowdon, au Yr Wyddfa kwa Kiwelisi, mita 1,085. Mlale huko, msiende na kurudi siku hiyo hiyo na mtoto. Tumieni njia ya Llanberis: ndefu, kilomita 14.5 kwenda na kurudi, ila ndiyo iliyolala kuliko zote. Mama anaweza kupanda treni ya meno (gurudumu lake la meno hung'ata reli yenye meno) inayokwenda mlimani tangu 1896. Tiketi za Agosti zikatwe mapema. Msipange ninyi watembeaji kushuka nayo kwa bahati nasibu. Njia ya Pyg ni fupi zaidi, lakini pale Bwlch y Moch watu humfuata aliye mbele yao na kujikuta wanapinda kulia kwenda Crib Goch, ukingo wa mwamba mwembamba kama paa la nyumba. Hapo mikono inafanya kazi kama miguu, na si mahali pa mtoto wa miaka 9.

Pwani, kuna majabali ya chaki ya Seven Sisters kule Sussex, kilomita kama 22 kutoka Seaford hadi Eastbourne. Unaweza kukata kipande. Kaa mbali na ukingo na usiketi chini ya jabali, maana chaki ile inamegeka bila kuaga, na ikilowa inateleza kama sabuni.

Tuje kwa shemeji. Hajakosea kuhusu urefu: Ben Nevis, kule Scotland, ni mita 1,345, Kilimanjaro 5,895. Ila kule Kilimanjaro mtu ana mwongozaji, ana wapagazi, na jina lake limeandikwa getini. Ben Nevis haina geti, haina ada, na hakuna anayehesabu nani hajarudi. Kule adui alikuwa hewa nyembamba, na alipewa siku kadhaa za kuizoea. Huku adui ni maji, upepo na ukungu, na vinakuja ndani ya nusu saa.

Mpe hesabu hii. Joto hushuka takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Fort William, mji ulio chini ya Ben Nevis, pakiwa na nyuzi 10, kileleni ni kama 1. Ongeza upepo wa kilomita 60 kwa saa, mwili unahisi nyuzi 7 chini ya sifuri. Hapo nazungumzia mtu mkavu. Aliyevaa jinzi na fulana ya pamba iliyolowa jasho na mvua anapoteza joto haraka kuliko alivyopoteza kwenye baridi kavu ya Kibo.

Njia ya kawaida inaanzia Glen Nevis, karibu na usawa wa bahari, kilomita 17 hivi kwenda na kurudi. Naismith inatoa karibu saa 4 za kupanda, na safari nzima ni saa 7 hadi 9. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na jua la Fort William linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo aondoke saa moja na nusu asubuhi. Akifika kwenye kiziwa cha mita 570 akiwa ametumia zaidi ya saa 2 na nusu, ageuke. Na popote atakapokuwa saa saba mchana, ageuke.

Hatari yenyewe iko juu, wakati wa kurudi. Kilele ni uwanda wa mawe, na ukungu ukishuka hauoni hatua kumi. Kaskazini kuna magenge ya mita mia kadhaa, na korongo la Gardyloo limeng'ata uwanda hadi karibu na njia. Anayekwenda moja kwa moja kuelekea nyumbani anatumbukia humo. Anayelikwepa kupita kiasi kwa kushoto anaishia korongo la Five Finger. Kwa hiyo njia ya kushuka ina kona: kutoka nguzo ya upimaji kileleni, aelekee nyuzi 231 kwa mita 150, kisha nyuzi 282 hadi atoke uwandani. Nyuzi hizo ni za gridi ya ramani. Tofauti yake na dira siku hizi ni ndogo, lakini aisome ukingoni mwa ramani aliyonayo.

Mita 150 utazipimaje ndani ya ukungu? Kwa miguu. Nyumbani, pima mita 100, tembea huku ukihesabu kila mguu wa kushoto unapogusa chini. Wengi hupata kati ya 60 na 70. Kwa mita 150 ni mara moja na nusu ya hapo, na juu ya mawe au theluji hatua hufupika, basi idadi inapanda. Kama shemeji hajawahi kufanya zoezi hilo hata uwanjani, asilijaribu mara ya kwanza kule. Simu isiwe dira yake pekee: baridi hula betri, na kioo kilicholowa hakisikii kidole chenye glavu.

Ushauri wangu: aahirishe hadi kati ya Juni na Septemba, au akodi kiongozi mwenye cheti cha Mountain Leader. Theluji ya Oktoba kule juu haishangazi. Ikishakaa, safari inataka shoka la barafu, kramponi (meno ya chuma ya kufunga viatuni) na mtu anayejua kuvitumia, na hapo kiongozi awe na cheti cha majira ya baridi. Usiku wa kuamkia safari asome utabiri wa milimani wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya huku, au wa MWIS, huduma ya utabiri wa milimani. Wa mjini Fort William haumsaidii.

Mifukoni, kwa safari zote isipokuwa Monsal: koti na suruali ya mvua, sweta la akiba lisilo la pamba ndani ya mfuko wa plastiki, tochi ya kichwani, filimbi, ramani ya karatasi na dira. Mkikuta ng'ombe wenye ndama, zungukeni mbali, msipite katikati yao. Jioni kagueni kupe nyuma ya magoti na kiunoni. Akiwepo, mng'oeni kwa kibano kilichoshika karibu kabisa na ngozi, bila kumpaka mafuta wala kumchoma.

Mtu akiumia mlimani, piga 999, omba polisi, kisha waambie unahitaji waokoaji wa milimani. Pwani, omba Coastguard, yaani walinzi wa pwani. Huduma ni bure. Bila mtandao wa kuzungumza, ujumbe mfupi huweza kupenya, lakini namba yako lazima iwe imesajiliwa kabla: tuma neno "register" kwenda 999 leo hii ukiwa sebuleni, ufuate majibu, na uhakikishe shemeji amefanya hivyo hivyo. Simu ikishindwa kabisa, piga filimbi mara 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Ukisikia filimbi 3, umesikika, lakini endelea kupiga ili wajue mahali ulipo.